Kwa nini saa yako ya betri hutetemeka mara 32,768 kila sekunde

Wanaoniletea saa za betri zilizosimama wengi huamini kwamba magurudumu ya ndani ndiyo yanayopima muda. Magurudumu yapo, ila kazi yao ni kusukumwa tu. Kinachopima muda ni kijisilinda cha chuma kinachong'aa, chenye urefu wa milimita chache, kilichochomelewa pembeni ya saketi. Ndani yake hakuna hewa. Kuna kipande cha kwatsi kilichochongwa umbo la uma wenye meno mawili.

Kwatsi ni madini ya ajabu. Ukiyabana, yanatoa umeme. Jambo hilo liligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Ukiyapa umeme, nayo yanajipinda kidogo. Chipu ya saa inautumia ujanja huo kuyachokoza meno ya uma yasiache kutetemeka, na yanatetemeka mara 32,768 kwa sekunde.

Kwa nini isiwe 30,000 kamili? Kwa sababu chipu haijui kugawanya kwa 30,000 kirahisi, lakini kugawanya kwa mbili ni kazi nyepesi mno kwake: swichi moja inayogeuka mtetemo wa kwanza na kurudi mtetemo wa pili. Panga swichi kama hizo 15 mfululizo. Ya kwanza inatoa 16,384, inayofuata 8,192, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho itoe 1. Sekunde hiyo imepatikana.

Saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi kuuzwa madukani, Seiko Astron ya Desemba 1969, ilitumia mitetemo 8,192. Masafa hayo sikio la binadamu linaweza kuyasikia, na uma wake unahitaji nafasi kubwa zaidi. Ukipanda mno nako, betri inaliwa haraka. Ndiyo maana 32,768 imedumu.

Kinachonifurahisha zaidi ni namna uma huo unavyorekebishwa kiwandani. Ncha za meno hupakwa utando wa metali, kisha mwale wa leza huuchoma kidogo kidogo. Kila chembe inayoondoka hulifanya jino kuwa jepesi na kutetemeka haraka zaidi, mpaka hesabu itimie.

Hata hivyo joto linauvuruga. Uma huu hutengenezwa uwe sahihi karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, na ukitoka hapo, kwa baridi au kwa joto, hupunguza mwendo. Hauongezi kamwe! Kwenye nyuzi 5 saa hupoteza kama sekunde 1 kwa siku, na kwenye nyuzi 45 hivyo hivyo. Kwa hiyo mkononi ni mahali pazuri kwa saa kuliko dirishani kwenye jua: ngozi yako inaituliza.

Na ukiona mshale wa sekunde umeanza kuruka sekunde 2 au 4 kwa mpigo mmoja, usikimbilie kusema saa imekufa. Katika saa nyingi hiyo ni ishara iliyowekwa makusudi: chipu imehisi volti ya betri inashuka. Muda bado ni sahihi. Badilisha betri wiki hiyo hiyo, maana betri iliyoachwa ndani ikiisha huvuja, na maji yake hula saketi.