Maziwa ya Norfolk yaliyochimbwa kwa mikono

Mgeni anayefika katika kaunti ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, huelekezwa mapema kwenye eneo la maji liitwalo Broads. Ni maziwa zaidi ya 60 yasiyo na kina kirefu, yaliyotawanyika kando ya mito ya Bure, Ant, Thurne, Yare na Waveney, na machache kati yake yamo upande wa kaunti jirani ya Suffolk. Kingo zake zimefungwa na matete, nyuma ya matete kuna msitu wa miti ipendayo majimaji, na katikati maji yametulia kiasi kwamba mtazamaji haoni sababu yoyote ya kufikiri kwamba mwanadamu alihusika kuyaumba. Kwa vizazi vingi hata wasomi waliamini kwamba maziwa hayo ni mabaki ya ghuba ya kale iliyojaa matope polepole. Sisi tunaofanya kazi ya malikale tunapenda kulitaja eneo hili tunapowafundisha vijana, kwa sababu imani hiyo ilipinduliwa na ushahidi uliokuwa umelala chini ya maji wakati wote.

Aliyeuibua ushahidi huo ni Joyce Lambert, mtaalamu wa mimea, katika miaka ya 1950. Hapo awali yeye mwenyewe alikuwa amekubali maelezo ya asili. Baadaye alirudi kwenye maziwa na kuchukua tena sampuli za udongo kwa kifaa cha mkono cha kutobolea ardhi, safari hii akitoboa mashimo yaliyokaribiana sana, na kile ambacho sampuli za mbalimbali zilikificha kikajitokeza waziwazi. Kuta za maziwa zilishuka wima kama kuta za shimo la choo, sakafu zake zilikuwa tambarare, na katikati ya maji yalibaki matuta membamba yaliyonyooka, ambayo katika baadhi ya maziwa mipaka ya zamani ya viwanja bado inayafuata. Mto hauchimbi hivyo. Lambert alishirikiana na wataalamu wa jiografia, historia na mambo ya kale, na mwaka 1960 wakachapisha hoja yao kamili: maziwa ya Broads ni machimbo ya mboji yaliyofurika maji.

Mboji inayozungumzwa hapa ni ule udongo mweusi wa mabaki ya mimea yaliyooza nusu katika kinamasi, ambao ukikatwa vipande kama matofali na kukaushwa juani huwaka vizuri. Wasomaji wa Rwanda wanaifahamu kwa jina la nyiramugengeri, na Burundi pia huchimbwa kwa ajili ya moto. Norfolk ya karne ya 12 na ya 13 ilikuwa miongoni mwa sehemu za Uingereza zenye watu wengi zaidi, misitu yake ilikuwa imefyekwa kwa kiasi kikubwa, na jiji la Norwich lilihitaji moto wa kupikia na wa kujipasha katika majira ya baridi. Hesabu za watawa wa kanisa kuu la Norwich zinaonyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 14 jiko lao liliweza kutumia matofali ya mboji yapatayo 400,000 kwa mwaka. Hilo ni jiko moja tu. Lambert na wenzake walikadiria kwamba mboji yote iliyotolewa ilizidi mita za ujazo milioni 25, na kazi hiyo ilifanywa kwa sepetu na migongo ya watu, hadi kina cha mita tatu au nne katika sehemu nyingi. Majina ya wachimbaji hao hatunayo. Kwa maoni yangu, maziwa yenyewe ndiyo kumbukumbu yao, na yanastahili heshima ile ile tunayoyapa makanisa na ngome za wakati huo.

Kilichoyaua machimbo ni bahari. Mashimo yalipochimbwa, usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko leo ukilinganishwa na nchi kavu. Ulipoanza kupanda, maji ya mito nayo yakapanda na kuingia machimboni. Usiku wa Desemba 1287 dhoruba iliisukuma bahari ndani ya vijiji. John wa Oxnead, mtawa wa abasia (nyumba ya watawa) ya St Benet iliyopo katika eneo hilohilo, aliandika kwamba maji yaliwakuta watu vitandani na watoto wachanga katika susu zao, kwamba waliopanda mitini waliganda kwa baridi wakaanguka majini, na kwamba katika kijiji cha Hickling walikufa watu 180. Ndani ya kanisa la watawa wa Hickling maji yalipita juu ya altare kuu. Baada ya hapo watu bado walijaribu kuokota mboji kutoka chini ya maji, lakini kazi ilikuwa ngumu na mavuno yalikuwa haba, na karne ya 14 ilipokwisha uchimbaji mkubwa ulikuwa umefifia. Mahesabu ya mashamba yanaonyesha mabadiliko hayo: pale palipoingiza fedha kwa mboji pakaanza kuingiza fedha kwa samaki na matete.

Matete hayo yanakatwa hadi leo. Hukatwa majira ya baridi, majani yakiwa yamekauka na kupukutika, na fundi anayejua kuezeka huyapanga kwa unene unaoweza kudumu miaka 50 au zaidi. Mizigo nayo ilisafirishwa kwa mashua ziitwazo wherry, zenye tanga moja kubwa jeusi na mlingoti unaolazwa kwa urahisi ili chombo kipite chini ya madaraja. Kati ya zile za biashara zimebaki mbili zinazosafiri, Albion ya mwaka 1898 na Maud ya mwaka 1899. Kila Jumapili ya kwanza ya Agosti askofu wa Norwich hufika kwa wherry kwenye magofu ya St Benet kuongoza ibada, kwa kuwa Mfalme Henry VIII aliyezifunga nyumba za watawa nchini kote hakuifunga rasmi hii, na askofu bado ndiye abati wake, yaani mkuu wa nyumba hiyo.

Karne ya 20 ilileta madhara ya aina nyingine. Fosfati kutoka maji taka na mbolea kutoka mashambani ziliyafanya maji kuwa ya kijani na mazito, mimea ya chini ikakosa mwanga na kufa. Katika ziwa la Barton, kuanzia miaka ya 1990, ilibidi matope yenye sumu hiyo yanyonywe kwa mashine kutoka sakafuni. Bahari nayo haijaacha: ilivunja kingo pale Horsey mwaka 1938, na usiku wa tarehe 31 Januari 1953 mafuriko yaliua watu 307 kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, takriban 100 kati yao wa Norfolk.

Anayetaka kuyaona haya kwa pamoja apande ngazi 89 za mnara wa kanisa la Ranworth. Chini yake kuna ziwa, pembeni matete, mbele uwanda unaoelekea baharini. Na akijua alitazamalo, ataona shimo la kazi ambalo maji yalilijaza kabla wenye sepetu hawajalimaliza.