Kurudia zao moja: kwa nini tumbaku na tungule hudumaa kwenye shamba lilelile

Kurudia zao ni kupanda mmea uleule, au jamaa zake, katika shamba lilelile msimu baada ya msimu bila kuupisha mmea wa ukoo mwingine. Tumbaku hutajwa sana katika habari hii kwa kuwa hudhoofika upesi ikirudiwa. Malindi na Lamu si nchi ya tumbaku ya kiwandani. Hiyo ni ya Migori, au Tabora kwa upande wa Tanzania. Lakini tumbaku ni ndugu wa tungule (nyanya), biringani, pilipili na mnavu, na anayelima tungule kando ya mto Sabaki kila msimu anavuna shida zilezile.

Mavuno yakipungua watu husema ardhi imechoka, kisha wanaongeza mbolea. Hiyo ni nusu ya habari. Tumbaku hufyonza potasiamu nyingi sana, na kwa kuwa kinachovunwa ni jani lenyewe, potasiamu hiyo huondoka na mzigo. Mbolea huirudisha. Kasoro nyingine haziponi kwa mbolea, na mojawapo huletwa na mbolea yenyewe: mbolea za naitrojeni kama SA, DAP na urea zikigeuzwa na vijidudu vya udongo huacha asidi. Tumbaku hupenda pH (kipimo cha asidi ya udongo) ya 5.5 hadi 6.5. pH ikishuka chini ya 5, alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, na fosforasi hufungwa isichukulike. Udongo wa juu ya matumbawe una chokaa yake, hivyo hauharibiki upesi; mchanga mwekundu wa Magarini hauna kinga hiyo.

Kisha mizizi na masalia yanayooza hutoa kemikali za jamii ya fenoli. Zikilimbikana, huidumaza miche ya zao lilelile.

Zito kuliko yote ni maradhi. Kila kiumbe kinachokula mizizi ya ukoo huo hupata chakula mwaka mzima, na viumbe vyenye faida hupungua. Minyoo fundo, isiyoonekana kwa macho, hustawi kwenye mchanga wenye joto: kizazi kimoja huchukua kama wiki nne, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Ng'oa mche taratibu kwa jembe, usiuvute. Mizizi ikiwa na vinundu visivyobanduka kwa kidole, ni hiyo. Matundu inayoyaacha ndiyo mlango wa bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum. Mmea hulegea mchana majani yakiwa bado kijani, jioni huinuka kidogo, na baada ya siku chache haurudi tena. Ili kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike ncha yake ikigusa maji safi ndani ya gilasi. Uzi mweupe kama maziwa ukitiririka ndani ya dakika chache, ni bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya mmea huo.

Wengi hudhani wamebadilisha zao kumbe wamebadilisha jina tu. Kutoka tungule kwenda pilipili si mabadiliko. Bamia si wa ukoo huo, lakini minyoo fundo huipenda mno. Karanga huhimili aina kadhaa za minyoo, ila huweza kuubeba mnyauko. Kwa mnyauko, zao salama zaidi la kupisha ni mahindi, mtama au nyasi za malisho, kwa miaka miwili hadi mitatu. Marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo, hupunguza minyoo, na hufukiwa yakianza kutoa maua. Muda wote huo mnavu na tungule zinazojiotea ni lazima zing'olewe. Zikiachwa, ugonjwa unaendelea kulishwa na mapumziko yote ni bure.

Baada ya kuvuna, ng'oa visiki mara moja pamoja na mizizi, vianike vikauke kabisa, kisha vichome nje ya shamba. Kabla ya masika chukua udongo sehemu 15 hivi kwa mwendo wa kupindapinda, kina cha sentimita 20, uchanganye, utoe nusu kilo upeleke maabara. Usimwage chokaa kwa kukisia. Ikizidi, madini kama zinki na chuma hayapatikani kwa mmea. Kwa kitalu, tumia jua la kiangazi: mwagilia mpaka udongo ulowe, tandika plastiki angavu, fukia kingo, uiache wiki nne hadi sita. Kinachotibiwa ni tabaka la juu tu, kwa hiyo usilime kwa kina baadaye.

Maji ya mfereji yanayotoka shamba lenye mnyauko huuteremsha kwa jirani wa chini, na udongo ulioganda kwenye jembe hufanya vilevile: anza kazi kwenye shamba lisilo na ugonjwa, malizia kwenye lililougua. Na anayekula tambuu kwa tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu virusi vya batobato ya tumbaku hubaki hai ndani ya jani lililokaushwa na huingia kwenye tungule kwa mguso tu.