Tepe za mawimbi: yanayosemwa vibaya kuhusu koti la afisa wa akiba wa majini

Koti lenyewe ni la sufu ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, lina vifungo vinane vya dhahabu katika safu mbili, na kila kifungo kina nanga chini ya taji. Tofauti iko kwenye mikono ya koti, katika tepe za dhahabu zinazoonyesha cheo. Afisa wa kudumu wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza alivaa tepe zilizonyooka. Afisa wa Royal Naval Volunteer Reserve (RNVR), kikosi cha akiba cha raia wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 1903, alivaa tepe zilizopindapinda kama mawimbi. Makoti mengi ya Vita Kuu ya Pili bado yapo kwenye makumbusho, minadani na kabatini mwa familia, na mengi yanaelezwa kimakosa.

“Tepe za mawimbi ni za baharia wa kujifurahisha.” Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Cheo kilikuwa kilekile: tepe mbili ni Luteni, ziwe zimenyooka au zimepinda. Wakati wa vita wengi walianza kama mabaharia wa kawaida, wakafanya kazi melini miezi kadhaa, ndipo wakapelekwa HMS King Alfred. Hiyo haikuwa meli. Lilikuwa jengo jipya la mabwawa ya kuogelea mjini Hove, lililotwaliwa na jeshi Septemba 1939. Maafisa zaidi ya 22,000 walipitia mafunzo hapo.

Na hawakuachwa nyuma eti kwa sababu ni wa akiba. Robert Hichens, mwanasheria wa Falmouth, aliongoza boti za mizinga usiku kwenye bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Alipouawa Aprili 1943 alikuwa ametunukiwa nishani za ushujaa: DSO mara mbili na DSC mara tatu. Edward Young, mchoraji wa nembo ya pengwini ya kampuni ya vitabu ya Penguin Books, alikuwa afisa wa kwanza wa RNVR kuongoza nyambizi vitani, HMS Storm. John Bridge alikuwa mwalimu wa fizikia. Mwaka 1943 alizamia mwenyewe katika bandari ya Messina, Italia, kutegua mabomu, akapewa nishani ya ushujaa ya George Cross. Hao ndio wanaoitwa wa kujifurahisha!

“Tepe zimeishia nusu ya mkono, basi koti limechezewa.” Geuza mkono wa koti utazame upande wa ndani, ule unaogusana na mwili. Ukikuta tepe zimekomea kwenye mishono bila kuzunguka, usikimbilie kusema zimekatwa. Vitani nyuzi za dhahabu zilibanwa matumizi, tepe zikawa zinashonwa upande wa nje tu. Kwa hiyo tepe nusu ni dalili nzuri kwamba koti ni la wakati ule hasa.

“Kitambaa cha rangi kati ya tepe ni alama ya ushujaa.” La. Kinaonyesha kazi: nyekundu ni daktari, zambarau ni mhandisi, nyeupe ni mhasibu. Afisa wa kuendesha meli hakuwa na rangi yoyote.

“Ana mbawa mkononi, kwa hiyo alikuwa Jeshi la Anga.” Mbawa zilizoshonwa juu ya tepe za mkono wa kushoto ni za rubani wa majini, aliyerusha ndege za jeshi la wanamaji, mara nyingi kutoka kwenye manowari. Mmoja wao ni Robert Hampton Gray wa RNVR ya Kanada. Alihudumu Kenya kabla ya kupelekwa HMS Formidable, na tarehe 9 Agosti 1945 aliuawa akishambulia meli ya Japani katika ghuba ya Onagawa. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kifo chake.

“Afrika Mashariki haihusiki.” Inahusika sana. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (leo Sri Lanka) Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, na wataalamu wake wa kufumbua ujumbe wa siri wa adui wakaweka ofisi katika shule ya Allidina Visram, Mombasa. Kenya tayari ilikuwa na RNVR yake tangu 1933. Baada ya vita ikawa sehemu ya jeshi la majini la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka 1962. Lakini tusisahau kwamba koti hili ni la afisa, na chini ya ukoloni maafisa walikuwa Wazungu. Mabaharia Waafrika waliofanya kazi katika vyombo hivyohivyo hawakuvaa tepe hizi, na historia yao haimo katika koti hili.

“Koti lilitolewa na serikali, mwenyewe hawezi kujulikana.” Afisa alipewa posho, akaenda kushonesha kwa mafundi kama Gieves. Ingiza mkono kwenye mfuko wa ndani: mara nyingi mna lebo ya fundi yenye jina la mteja, pengine na tarehe. Lebo hiyo ina thamani kuliko riboni za kifuani, kwa kuwa hata nyota za kampeni, yaani medali ambazo Uingereza iliwapa waliopigana vita hivyo, hazikuchongwa majina. Kisha tazama taji la vifungo, kwa sababu lilibadilishwa baada ya Malkia Elizabeth wa Pili kutawala mwaka 1952, ilhali tepe za mawimbi zenyewe ziliachwa mwaka 1951. Ukikuta taji lake pamoja na tepe hizo, vifungo ni vya baadaye.