Fungua Kasha Kwanza: Kuongeza Diski ya Pili kwenye Kompyuta ya Mezani

Wengi wanaoniletea kompyuta niwaongezee diski ya pili huja na diski yenyewe mkononi. Imeshalipiwa, imepanda basi kutoka Mombasa, imevuka kwa boti kutoka Mokowe, na ikifika mezani pangu ndipo tunafungua kasha na kukuta hamna pa kuiweka. Kuirudisha ni nauli nyingine na maneno na muuzaji. Kwa hivyo kila anayenipigia simu kuuliza, "Fundi, ninunue diski gani?" humjibu kwa swali: umeshatazama ndani?

Kutazama hakuhitaji ufundi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu wa kasha. Piga picha kwa simu. Picha tatu nne zenye mwanga mzuri zinamtosha fundi yeyote kukwambia cha kununua, hata kama yuko Nairobi na wewe uko Matondoni.

Mashine nyingi ninazozipokea hapa Lamu zilitumika kwanza maofisini ng'ambo, zikasafishwa, zikauzwa tena: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine madhubuti, sina ugomvi nazo. Lakini zilitengenezwa kwa ajili ya karani, si kwa mpiga video wa harusi, na mtengenezaji hakutegemea kwamba siku moja zitabeba mafaili ya ukoo mzima. Lile kasha refu la kusimama kwa kawaida lina nafasi mbili au zaidi za diski za inchi 3.5, na hapo kazi ni nyepesi. Lile jembamba mara nyingi lina nafasi moja tu ya inchi 3.5, nayo ishakaliwa. Yale madogo kabisa, ya kushikwa kwa mkono mmoja, huwa na nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na tundu la M.2, la diski nyembamba kama kijiti inayolala juu ya bodi, basi. Mwenye hili la mwisho namshauri anunue diski ya nje ya USB na asahau habari ya bisibisi.

Kwa kasha jembamba ipo njia moja ninayoipenda. Mtambo wa DVD, ambao siku hizi hauguswi na mtu, unaweza kutolewa, na mahali pake kukaingia kibebeo cha bei nafuu chenye nafasi ya diski ya inchi 2.5. Pima kwanza unene wa DVD hiyo. Zipo za milimita 9.5 na za 12.7, na kibebeo cha moja hakikai vizuri penye nyingine. Tazama na unene wa diski pia: za kawaida za inchi 2.5 ni milimita 7 au 9.5, ila zile kubwa za terabaiti nyingi hufika milimita 15, na hizo hazitaingia hata ukisoma dua.

Ukishaona nafasi, tafuta soketi. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kuna vijitundu vyembamba vya SATA, vya kuchomekea kebo ya data ya diski, vilivyopangwa pamoja, aghalabu vimeandikwa SATA0, SATA1 na kuendelea. Hesabu vilivyo wazi. Ikiwa mashine ina diski ya M.2, soma kitabu cha mazabodi hiyo, maana kwenye mazabodi nyingi tundu la M.2 likitumika, soketi moja au mbili za SATA hunyamaza. Nimeona watu wakibadilisha kebo mpaka wakachoka, kumbe soketi yenyewe haikuwa na uhai tangu mwanzo. Wahamishe kebo kwenye soketi ya jirani tu, diski inaonekana.

Sasa umeme, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 za kuzungusha mota na volti 5 za saketi zake. Ya inchi 2.5 inatosheka na volti 5. Matumizi yake si makubwa: ya 3.5 ikiwa kazini hula wati chache tu, kwa kawaida chini ya 10, ingawa zile sekunde za kwanza inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya mara mbili ya hapo. Pawa saplai ya wati 200 na kitu inaimudu bila shida. Tatizo ni plagi. Kompyuta ya kuunganishwa na fundi ina waya za ziada zinazoning'inia, lakini mashine za ofisini mara nyingi hazina hata moja. Nyingi kati yake hutoa umeme wa diski kwenye mazabodi, kupitia kijisoketi chenye umbo lake mwenyewe, na kebo yake lazima iwe ya modeli ile ile. Ndiyo maana nataka picha. Nikiona hicho kijisoketi najua kwamba kwa kuagiza diski bila kebo, mtu ameagiza nusu ya kitu.

Wengine hununua kigawanyio cha umeme, kebo moja inayozaa mbili. Sina neno, ila epuka zile ambazo kichwa cha plagi ni plastiki iliyomiminwa kuzunguka nyaya zote kwa pamoja, hasa zinazotoka kwenye plagi ya zamani ya pini nne kwenda SATA. Nyaya ndani yake zinaweza kugusana, na zimeshachoma mashine za watu duniani kote. Chukua aina ambayo kila waya unaingia kwenye pini yake na unaonekana kwa nyuma.

Kuna kisa kingine kinachowatoa watu jasho. Mtu amenunua diski kubwa ya nje ya USB kwa sababu ilikuwa na punguzo, akaivunja ganda na kuichomeka ndani ya kompyuta. Haizunguki. Anadhani imekufa. Baadhi ya diski hizo hutumia pini ya tatu ya plagi ya umeme kama swichi ya kuizima diski kutoka mbali, na pawa saplai za zamani hupeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo hiyo muda wote. Kwa hivyo diski inaambiwa "zima" tangu sekunde ya kwanza. Ukiifunika pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme wala kuyeyuka kwa joto, diski huamka.

Ukubwa je? Hapa sitaki mtu anunue kwa kukisia. Maalim mmoja wa Langoni ana kanda za kaseti za Maulidi na mawaidha za miaka mingi, na mjukuu wake anazinakili kwenye kompyuta. Sauti isiyobanwa, ya kiwango cha sidii, hula takriban megabaiti 635 kwa saa. Diski ya terabaiti 1 inabeba zaidi ya saa 1,500 za sauti hiyo. Maalim alikuwa ameshauriwa anunue ya terabaiti 8. Nikamwambia, "Maalim, hizi kanda zako hata ukizinakili zote mara mbili hazitaijaza hiyo." Akacheka, akanunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, na hilo lilikuwa wazo lake, si langu. Kijana anayepiga video za harusi kwa ubora wa 4K ana hesabu nyingine kabisa. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa tatu ni gigabaiti 270, nayo ni harusi moja, na msimu wa harusi Lamu haujui harusi moja. Huyo aanzie terabaiti 4, na akifungua kasha akakuta nafasi ni moja tu, anunue kompyuta nyingine.

Usishtuke diski ya terabaiti 1 ikisomeka gigabaiti 931. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kuhusu mtumba: diski nyingi za bei ya kutupa zimetolewa kwenye mitambo ya kamera za ulinzi, ambako zilikuwa zikiandika usiku na mchana. Mwaka mmoja una saa 8,760. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inaonyesha diski imewashwa kwa saa ngapi na imeshahamisha sekta ngapi mbovu, yaani vipande vidogo vya diski visivyoandikika tena. Ukiona saa 40,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka minne bila kulala. Wapo wanaozirudisha hesabu hizo nyuma hadi sifuri, kwa hivyo tazama pia tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo: diski ya zamani yenye saa mbili tu inasema uongo. Kwa kuhifadhi vitu visivyopatikana tena, nunua mpya. Diski ya kuzunguka inatosha. SSD, ile isiyozunguka, iache kwa ajili ya Windows na programu, kule ambako kasi inaonekana.

Hewa yetu nayo ina mambo yake. Chumvi hula kila chuma kilicho karibu na maji, na nimeona pini za umeme zikiwa na kutu ya kijani kwenye mashine zilizokaa madirisha ya mbele ya bahari. Diski nyingi za kuzunguka zina kitundu kidogo cha kupumulia chenye kichujio, na pameandikwa pasizibwe. Msikilize aliyeandika, usibandike stika hapo. Ikiwa diski imetoka kwenye duka lenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la Kaskazi, iache kwenye mfuko wake saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili umande usije ukashika ndani ya saketi. Na njiani kutoka Mokowe, iweke mapajani, si chini ya mizigo ya boti. Faida moja tunayo: unyevu huu unapunguza umeme tuli, ule unaowasumbua watu wa bara kwenye baridi kavu. Hata hivyo gusa chuma cha kasha kabla ya kushika diski. Haigharimu kitu.

Kufunga kwenyewe ni dakika chache. Diski ya 3.5 hutumia skrubu nene zaidi, ya 2.5 hutumia nyembamba za M3; skrubu ikikataa kwa vidole, si yake. Kaza nne, au tumia vishikio vya plastiki vya kasha lako. Chomeka data, chomeka umeme, hakikisha hakuna waya unaogusa feni. Usifunge kasha bado.

Washa na uingie BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, kuona kama diski imetambuliwa. Baadhi ya mashine za ofisi zina orodha ya soketi za SATA ambazo unaweza kuziwasha au kuzizima, na ile ya pili huenda imezimwa. Iwashe. Ila usiguse mpangilio wa AHCI na RAID, unaoamua namna mashine inavyowasiliana na diski, hata ukisoma mahali kwamba mmoja ni bora. Ukibadilisha, Windows iliyopo inaweza kukataa kuwaka.

Ndani ya Windows, diski mpya haitaonekana mara moja kwenye orodha ya diski zako, na hapa ndipo ninapigiwa simu usiku. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Itakuuliza uianzishe kwa MBR au GPT, njia mbili za kuipanga diski. Chagua GPT. MBR haiwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2 hivi, kwa hivyo ukiichagua kwenye diski ya 4 utapoteza nusu. Kisha bofya kulia kwenye eneo lisilotumika, tengeneza sehemu mpya, fomati (iandae kupokea mafaili) kwa NTFS, mpangilio wa kawaida wa Windows, kwa njia ya haraka, na uipe herufi iliyo mbali kidogo, mathalan M, ili flashi za wateja zisiigombanie. Kuwa makini mno kwamba unafomati ile mpya: tazama ukubwa wake kabla ya kubofya.

Kuhamisha mafaili, usikate na kubandika folda za Windows au za programu; hizo zibaki zilipo. Folda zako za nyaraka, picha na video bofya kulia, ingia kwenye sifa zake, kichupo cha mahali, uielekeze kwenye diski mpya. Windows yenyewe itazihamisha na kila programu itajua zilikoenda. Gigabaiti 500 za video huchukua saa moja au zaidi kidogo. Picha ndogo ndogo elfu nyingi huchukua muda mrefu kuliko huo ingawa uzito ni ule ule. Fanya kazi hiyo kompyuta ikiwa kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya kuhamisha utabaki hujui kipi kimefika na kipi hakijafika.

Diski ya pili ndani ya kasha lile lile si nakala ya akiba. Umeme ukiruka, maji yakivuja darini, mwizi akibeba kompyuta, zote mbili zinakwenda pamoja. Maalim ile ndogo yake ya pili ameipeleka kwa binti yake Shela, na mjukuu huipeleka na kuirudisha kila akiongeza kanda.

Baada ya wiki mbili tatu fungua tena CrystalDiskInfo. Saa za kuwashwa zitakuwa zimeongezeka, hilo ni sawa. Sekta zilizohamishwa zinatakiwa ziwe sifuri. Zikianza kupanda, nakili kilicho chako siku hiyo hiyo na udai waranti, na ndiyo maana risiti ya Mombasa haitupwi pamoja na boksi.