Je, wajua kwa nini boila tatu za moto mdogo hula gesi kidogo kuliko moja inayowaka kwa nguvu zote?

Ukiingia chumba cha mitambo cha shule au jengo la ghorofa huko London, mara nyingi hukuti boila moja kubwa. Utakuta tatu au nne za wastani zimepangwa ukutani, zote zikipeleka maji ya moto kwenye bomba moja nene. Maji hayo huzunguka kwenye redieta za vyumbani, yaani vipasha joto vya chuma vilivyo ukutani, huacha joto humo, kisha hurudi yakiwa yamepoa. Kidhibiti kilichounganishwa na vihisi joto ndicho huamua boila ipi iwake, lini, na kwa moto kiasi gani.

Sasa tuseme kuna boila tatu, kila moja ya kilowati (kW) 50 za nguvu, na jengo leo linahitaji kW 45 tu. Utawasha ngapi? Wengi, wakiwemo mafundi wenye miaka mingi kazini, watasema moja: iachie ifike karibu na mwisho wa nguvu zake, na ikielemewa ndipo uite ya pili. Kwa boila za gesi za kisasa, jibu hilo lina hasara. Ni afadhali kuwasha zote tatu, kila moja ikitoa kW 15.

Desturi ya kuanza na moja ilikuwa na msingi wake. Boila za zamani za chuma cha kusubu zilijua kuwaka na kuzima tu, au zilikuwa na ngazi mbili za moto. Boila iliyokaa ya moto bila kazi ilipoteza joto kupitia dohani na ubavuni, kwa hiyo ilikuwa busara kuiacha baridi mpaka ihitajike. Tena maji yalipaswa kurudi yakiwa na zaidi ya nyuzi 55 hivi, la sivyo moshi ungetoa unyevu wenye asidi ndani ya boila, nao ungekula chuma. Fundi aliyelelewa na mashine hizo alifundishwa kuogopa maji yanayorudi yamepoa. Mashine zimebadilika, lakini hofu imebaki, na bado inaandikwa kwenye vidhibiti vipya kila siku.

Boila ya kisasa inautafuta unyevu huo. Gesi asilia ni methani kwa sehemu kubwa, na methani ikiungua huzaa maji: mita moja ya ujazo ya gesi hutoa takriban lita 1.5, yote ikiwa mvuke ndani ya moshi. Mvuke huo umebeba karibu sehemu 1 kati ya 10 ya nishati yote ya gesi. Ukitoka nje ukiwa bado mvuke, umeitupa nishati hiyo hewani.

Fikiria sufuria ya maji yanayochemka, imefunikwa. Mfuniko ukiwa wa baridi, mvuke unaougusa hugeuka matone papo hapo, na mfuniko wenyewe unapata moto haraka, kwa sababu mvuke ukirudi kuwa maji huachia joto lote ulilolibeba. Mfuniko ukishakuwa wa moto kama mvuke wenyewe, matone hayaongezeki na mvuke hutafuta upenyo utoke. Ndani ya boila, mfuniko ni ukuta wa chuma unaopozwa na maji yanayorudi kutoka kwenye redieta. Kwa moshi wa gesi asilia, matone huanza ukuta ukishuka chini ya nyuzi 55 hivi, na huongezeka kadiri unavyozidi kupoa.

Ndiyo maana kugawa moto kunasaidia. Gesi ni ileile, ila moshi wake sasa unagusa eneo la chuma kubwa mara tatu, tena polepole, na unatoka ukiwa umepoa karibu sawa na maji yanayorudi. Lakini faida ya kugawa peke yake ni ya asilimia chache, na hutegemea umbo la boila. Maji yakirudi na nyuzi 70, hata boila kumi hazitakamua mvuke.

Kwa hiyo mpangilio wa kwanza ni kuacha joto la maji lifuate hali ya hewa. Redieta nyingi za zamani za Uingereza zilipangiwa ukubwa kwa maji yanayotoka na nyuzi 82 na kurudi na 71, kwa ajili ya siku ya baridi kali kabisa. Nje kukiwa na nyuzi 6, redieta hizohizo zinatosha kwa maji ya 62 yanayorudi na 55 hivi. Kukiwa na 11 nje, maji ya 50 yanatosha, na yanarudi na 45. Sehemu kubwa ya msimu wa baridi wa London iko katika hali hizo za kati. Kihisi cha nje huwekwa ukuta wa kaskazini, jua lisikidanganye.

Kisha zamu. Boila ya pili iitwe pale boila ya kwanza inapofika kama nusu ya nguvu zake, si asilimia 90. Kila boila ina moto wa chini kabisa. Kama ni kW 10, tatu haziwezi kutoa chini ya kW 30, na hapo moja izimwe kabla hazijaanza kuwaka na kuzima ovyo. Thamostati ya kila boila, yaani swichi inayoizima maji yakizidi joto, iwe juu kidogo ya kiwango cha kidhibiti, isije ikaizima kabla ya wakati. Tangi la maji ya kuoga lina sharti lake: nyuzi 60, kwa sababu ya bakteria wa Legionella, kwa hiyo wakati wa kulijaza joto boila hupanda kwa muda.

Angalia pia pampu. Pampu za boila zikisukuma maji mengi kuliko redieta zinavyoyapokea, yanayobaki hukata njia na kurudi yakiwa bado ya moto. Mwisho, kuna bomba jembamba la plastiki linalotoa matone ya mvuke kutoka chini ya kila boila kwenda kwenye mfereji wa maji machafu. Siku ya baridi ya wastani, boila zikiwa zinawaka, linapaswa kuwa linachuruzika maji. Likiwa kavu, anza kwa kupima joto la maji yanayorudi.