Hogo haliungi mfupa

"Hogo limegoma kuunga." Maneno haya niliyasikia pale Soko la Majengo, Dodoma, kwa mama mmoja ambaye mwanawe alianguka na bodaboda njia ya Ihumwa, akafungwa hogo, yaani plasta gumu la hospitali. Wengi tunaamini hivyo: mfupa ni kitu kikavu kama mpini wa jembe, ukivunjika unataka gundi, na gundi ni hogo.

Sivyo. Mfupa uko hai, una damu na seli. Ukivunjika, damu huganda palepale. Baada ya wiki chache pengo hujaa gegedu laini, kama ile ya sikioni, kisha seli za kujenga huijaza madini ya kalsiamu na fosfeti hadi igeuke mfupa. Papasa muundi uliopona: ule uvimbe mgumu chini ya kidole ndiyo kazi yao. Seli nyingine huuchonga taratibu, kwa miezi hata miaka. Hogo huushikilia mfupa utulie tu. Ndiyo maana kulivua kabla ya siku, au kwenda kuvutwavutwa mguu, kunaniuma moyo: daraja la mfupa mpya bado changa, linakatika. Sigara nayo huchelewesha.

Ila pengo likiwa kubwa mno, mwili hushindwa, na hapo ndipo watafiti wanapohangaika. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa Marekani, alieleza jinsi alivyopandikiza mfupa ulioondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota humo. Protini zilizotoa ishara ya mfupa kuota zilikuja kutambuliwa, na leo mojawapo hutengenezwa maabara na kutumika katika baadhi ya upasuaji wa uti wa mgongo.