Je, wajua kwa nini munganga wa macho anakuuliza kazi yako kabla ya kukuondolea mtoto wa jicho?

Mama mshonaji wa soko la Kadutu na mvuvi wa sambaza wanaweza kupasuliwa siku moja hapa Bukavu, ugonjwa ni uleule, na kila mmoja akatoka na lenzi ya nguvu tofauti. Vipimo vya macho yao vinaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Inayobaki inategemea walichomwambia munganga.

Mtoto wa jicho ni lenzi yako ya kuzaliwa iliyoingia ukungu. Haisafishiki. Huondolewa, na mahali pake huwekwa ya plastiki. Lenzi ya kijana hubadili umbo lake kila anapohamisha macho kutoka kitabuni kwenda mlimani. Ukishapita miaka arobaini huanza kukakamaa, ndiyo maana wazee wetu huinyoosha mikono wakisoma Biblia. Ile ya plastiki haibadiliki kabisa: ya kawaida hulenga umbali mmoja, na hapo ndipo panapohitaji uamuzi.

Daktari Mwingereza Harold Ridley, aliyepandikiza lenzi ya kwanza London mwaka 1949, alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani wa vita machoni havikuleta uvimbe. Plastiki ilikubali. Nguvu ya lenzi ndiyo iliyomsumbua: ilizidi mno, na mgonjwa wake akabaki haoni mbali bila miwani mizito.

Siku hizi hupimwa kwanza. Mashine hutafuta urefu wa jicho toka mbele hadi nyuma, ambao kwa mtu mzima ni kama milimita 23.5, na mviringo wa konea, kile kioo cha mbele. Ukikosea urefu kwa milimita 1 tu, nguvu ya lenzi inapotoka kwa karibu dayopta 2.5 au zaidi (dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya lenzi). Pasipo na mashine, wapo wanaowekea watu wote lenzi ya wastani, kama dayopta 21 au 22. Ni afadhali kuliko upofu, lakini umbali utakaoupata ni bahati yako.

Hesabu ya umbali wenyewe ni rahisi: gawanya sentimita 100 kwa dayopta za ziada ambazo jicho litaachiwa kwa ajili ya kuona karibu, si zile 21 au 22 za lenzi nzima. Dayopta 2.5 hukupa sentimita 40, dayopta 2 hukupa 50, dayopta 1 hukupa mita nzima. Sifuri ni mbali kabisa, kule kwenye vilima vya Idjwi.

Wengi huchagua mbali, na kwa mji huu wa miteremko naona wana haki. Anayeshuka ngazi za udongo baada ya mvua anataka kuona mahali pa kukanyaga na taksi-moto inayokuja. Kusoma atanunua miwani. Mama wa Kadutu naye anatazama sindano mchana kutwa. Akichagua karibu, atatunga uzi bila kitu usoni, ila avae miwani anapopanda kwenda nyumbani. Ni biashara ya kupata na kupoteza, na hakuna mwingine anayeweza kumfanyia hesabu hiyo.

Anayesahaulika ni yule ambaye tangu utotoni haoni mbali lakini husoma bila miwani. Hakuna aliyemuuliza, akawekewa lenzi ya mbali, na bandeji ilipotolewa aliona mlima vizuri huku meseji za simu zikimshinda. Upasuaji ulifanikiwa, naye anaamini wamemharibia jicho. Kama ndivyo ulivyo, liseme hilo kabla hata hujaulizwa.

Jicho la pili nalo lina sauti. Macho mawili yakitofautiana kwa zaidi ya dayopta 3 hivi, miwani hukuza picha ya upande mmoja kuliko mwingine na ubongo hushindwa kuziunganisha. Tofauti ndogo, jicho moja la mbali na jingine la karibu, huwafaa baadhi ya watu. Wengine hawaizoei kamwe. Zipo pia lenzi zinazogawa mwanga ili ulenge umbali zaidi ya mmoja. Ni za bei kubwa, na usiku huweza kuzungushia kila taa duara la mwanga. Mvuvi wetu hukesha ziwani Kivu kati ya taa za kuvutia sambaza, binafsi nisingemshauri.

Basi kabla ya siku ya vipimo, mama na aketi kwenye cherehani kama kawaida yake, mtu mwingine ashike ule utepe wa kupimia nguo na apime toka jicho hadi sindano. Namba hiyo aende nayo kwa munganga. Asitarajie ipatikane bila kupotoka hata kidogo, kwa sababu hata kwa vipimo vizuri kosa la nusu dayopta ni la kawaida: aliyeomba sentimita 40 anaweza kuangukia 33 au 50. Jicho likishatulia, baada ya wiki nne hadi sita hivi, hupimwa miwani ya kujazia kilichobaki, kwa hiyo asiharakie kununua mpya wiki ya kwanza.